Kiondo Kilichobaki Milimani

Nakuru
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama,

Pokea salamu zangu na za binti yangu mwenye jina lako. Wachuka mdogo anakohoa kidogo lakini anakula, na jana amemwambia mwalimu wake wa kanisani kwamba yeye ndiye aliyemzaa baba yake. Hayo umemfundisha wewe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ukitafuta network unapanda pale kwenye tangi la maji, na Dundori nzima inasikia unachojibu. Hili sitaki lisikike. Barua nampa Kibii wa maziwa, akirudisha makopo matupu atakuletea mkononi.

Mama, wanataka kufunga idara yetu. Tangazo lilibandikwa Ijumaa jioni watu wakiwa wanaenda nyumbani, ili tusipate wa kumuuliza. Linasema kozi ya Lugha na Ukalimani haiendani na mahitaji ya soko, na kwamba kamati ya masomo itaketi tarehe 28 mwezi huu kuamua. Mwenyekiti ni Daktari Kipketer. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Ameniruhusu kusema machache mbele yao kabla hawajapiga kura. Wanafunzi wangu, vijana Wakalenjin niliowasomesha Kikuyu na Wakikuyu niliowasomesha Kikalenjin ili wakafanye kazi hospitalini na mahakamani, wananitazama kana kwamba kuna jambo ninalolijua. Sijui chochote. Mkataba wangu unaisha Aprili, na idara ikifungwa hakuna wa kuuandika upya.

Naogopa, Mama. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kusimama wakasema maneno ya wengine, lakini nikifikiria kusimama niseme yangu, ulimi unakauka. Usimwambie mwanao Ndegwa. Yuko Lodwar kwenye barabara zao, na jua la huko linamtosha. Wewe niombee tu. Narudia: niombee tu.

Mkaza mwanao,
Jepleting


Dundori
5 Februari

Mama yangu,

Ulimzaa Wachuka mwenye jina langu, kwa hivyo ulinizaa mimi, na mtoto haambiwi na mamake anyamaze wakati nyumba inaungua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Hao watu wa soko, hilo soko lao ni gani? Mimi huenda soko kila Jumanne kuuza waru, viazi vyangu hivi, na sijaona mtu akiuza bila kuongea.

Umesahau mwaka jana? Nililazwa hapo Nakuru, daktari kijana akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia kwa Kiswahili changu, "Tumbo inaniuma." Akaandika dawa ya tumbo. Kesho yake tena, "Tumbo." Akaongeza dawa ya tumbo. Halafu akaja yule msichana wako Jepkoech, aliyekuwa amewekwa pale kujifunza kazi. Akavuta kiti akaniuliza kwa Kikuyu, Kikuyu cha mtu aliyelelewa na cucu wake, mama ya babake, ingawa mamake ni Mkalenjin wa Londiani. Nikamweleza yale maumivu yalivyokuwa yananizunguka mbavu yakinifunga mgongoni kama kamba ya ng'ombe, na yalivyokuwa yanakuja nikishakula mafuta. Akamgeukia daktari akamwambia yote. Daktari akaweka kalamu chini. Ilikuwa mawe kwenye nyongo. Kama si Jepkoech, ningekuwa chini ya ule mti wa parachichi na nyinyi mngekuwa mnagombania shamba.

Kwa hivyo usiniambie niombe tu. Nitaomba, ndiyo. Lakini huyo Kipketer anakaa wapi? Nauliza ili nimwombee vizuri, maombi yenye anwani hayapotei.

Wachuka mkubwa


Nakuru
Ijumaa, 7 Februari

Mama,

Anakaa Milimani, nyumba yenye geti la kijani karibu na kanisa, na Mungu anaijua bila kuelekezwa. Usiwe na mawazo mengine.

Leo kwenye chumba cha walimu Bwana Wasike wa hesabu za chuo amenicheka mbele ya watu. "Mwalimu, lugha mtu huzaliwa nayo. Nani atalipa kusomea kitu ako nacho kwa mdomo?" Wakacheka, hata Jebet wangu tunayefundisha naye akacheka, halafu akaniambia pembeni kwamba ameshapeleka maombi ya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Simlaumu. Ana nyumba ya kupanga na watoto wawili.

Hotuba nimeiandika na kuifuta hadi sijui tena nilitaka kusema nini. Nikiweka takwimu inakuwa kavu, nikiziondoa naonekana nalia.

Mama, nakusihi. Usifanye chochote.

Jepleting


Dundori
9 Februari

Mama yangu,

Tumeshaenda.

Usianze kushika kichwa, soma kwanza. Barua yako ya kusema nisifanye chochote Kibii alinipa jana asubuhi nikiwa nimeshavaa kitambaa cha kichwa, na akina mama wa kanisa walikuwa wameshapanda gari. Tulikuwa akina mama saba na Mzee Ndung'u wa kutusemea, kwa sababu mambo ya maana husemewa na mzee. Na kwa kuwa hatuendi kwa mtu mikono mitupu, tulibeba gunia la waru, kabichi, kondoo mmoja mwenye afya, na kile kiondo changu kikubwa cha mistari ya kahawia kikiwa kimejaa mayai. Kibii alitushusha kwenye geti la kijani akaenda zake na maziwa.

Mwenyewe hakuwa. Yeye na mkewe walikuwa wameenda harusi Eldoret. Bawabu, kijana anaitwa Micah, alipoona wazee na kondoo akafungua bila maswali, maana nani anafukuza watu kama hao? Akatupeleka kwa mamake huyo daktari, bibi mmoja mwembamba ameketi uani kwenye kiti cha plastiki. Anaitwa Cheptanui, wamemtoa Kuresoi. Mzee Ndung'u akasimama akasema maneno mazuri sana juu ya idara yenu na juu yako. Tukapewa chai. Tukashikana mikono. Tumeacha kila kitu pale kwa amani.

Sasa lala usingizi. Mambo yako sawa.

Wachuka mkubwa


Nakuru
Jumanne, 11 Februari

Mama,

Mmenimaliza.

Jana nimeitwa ofisini kwa Daktari Kipketer. Hakunikaribisha kiti. Amerudi Jumapili kutoka Eldoret akakuta kondoo ndani ya maua ya mkewe, gunia la waru kwenye baraza na mayai jikoni. Akamuuliza mamake nani ameleta. Bibi hajui Kiswahili hata kidogo, Mama. Hajui Kikuyu. Anajua Kikalenjin peke yake. Hotuba yote ya Mzee Ndung'u hakuielewa hata neno, isipokuwa jina langu, ambalo mlilirudia mpaka likamkaa. Basi akamwambia mwanawe: "Wamekuja watu wa Jepleting." Na kwa kuwa aliona mzee anayesema kwa niaba, akina mama wamevaa vizuri na kondoo, ameshawaambia majirani kwamba wamekuja kumposa mjukuu wake. Mjukuu mwenyewe yuko kidato cha tatu!

Daktari hajacheka. Ameniuliza kama ninajua mtu anayepelekea mwenyekiti zawadi kabla ya kura anaitwaje. Nimepewa barua ya kujieleza. Kamati isiporidhika, sitaruhusiwa kusema tarehe 28, na pengine Aprili yangu itakuja mapema.

Nilikuomba mara tatu. Wewe unajua kila kitu, unamjua kila mtu, huwezi kuambiwa na mtu. Sasa wanafunzi wangu wote watalipa kwa sababu ya kondoo wako. Tafadhali usiniandikie kwa sasa.

Jepleting


Dundori
17 Februari

Jepleting,

Umesema nisikuandikie na nimejizuia mpaka leo. Kibii alikuwa anapita na makopo yake ananiangalia, nami namwambia hakuna barua.

Sina la kujitetea. Kwetu mtu akienda kuomba na mikono mitupu anatukana mwenye nyumba, na mimi nilifikiria nyumba, sikufikiria ofisi. Aibu niliyokupatia naijua. Mzee Ndung'u amesema yuko tayari kuja chuoni kusema kosa ni lake, nimemwambia akae shambani, amesema ya kutosha.

Lakini kuna jambo nilikuficha. Nilikuandikia kwamba tulishikana mikono tukaondoka. Haikuwa hivyo tu.

Wenzangu walipokuwa wanakunywa chai, yule bibi alinivuta mkono tukaingia kwenye chumba chake. Mimi nilikuwa nimemsalimia kwa lile neno ulilonifundisha, nikasema "Chamgei," na nafikiri akadhani ninayo mengine. Alifunga mlango. Akaanza kuongea. Aliongea kwa muda mrefu, Jepleting, polepole, kama mtu anayetoa mzigo mgongoni, na kila akinyamaza kunitazama mimi naitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Ningefanya nini? Niliona haya kumwambia sielewi, mtu analia mbele yangu.

Halafu akachukua mkono wangu akauweka hapa, chini ya titi la kushoto. Kuna kitu pale. Kigumu, kama kokwa la parachichi dogo. Akaniuliza swali. Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika kwa mikono miwili akafurahi, na mimi sijui nimekubali nini.

Nimenyamaza kwa sababu ni siri ya mwanamke. Pia nilijua nikikuambia utaona nilivyokuwa mjinga. Lakini kila nikikamua ng'ombe mkono unakikumbuka kile kitu. Mwanawe hajui, hilo nina hakika. Mama gani atamwonyesha mtoto wake wa kiume mahali pale? Na mkewe, nafikiri bibi anamwongelesha kwa vidole tu, maana hata bawabu nilimwona akifanya hivyo hivyo.

Nimefanya nini, mama yangu? Nimeahidi nini?

Wachuka


Nakuru
Jumatano, 19 Februari

Mama,

Nisamehe kwa yale niliyoandika. Nilikuwa na hofu na nikakumwagia wewe. Barua ya kujieleza wameikubali, kwa onyo, na tarehe 28 nitaruhusiwa kusema. Lakini hilo si la leo.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilifunga mlango wa darasa nikaketi. Sijui ulikubali nini. Pengine alikuomba umtafutie dawa za miti. Pengine alikuuliza kama ni kifo. Ningeweza kwenda mwenyewe nikamuuliza, lugha ni yangu, lakini mimi ni mtu mwenye kesi na mwanawe. Nikionekana kwenye geti lile wiki hii, hakuna atakayeamini nilifuata nini.

Nimemwomba Jepkoech. Sasa yuko mwaka wa mwisho. Sikumwambia zaidi ya kwamba kuna bibi anayehitaji mtu wa kumsikiliza pamoja nawe. Ijumaa asubuhi Daktari atakuwa kazini. Mkewe, Natalie, atakuwepo. Jepkoech amempigia simu akamweleza kwamba unataka kumwona bibi, na amekubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nenda bila kondoo, Mama.

Kitu kimoja. Sheria ya kwanza tunayowafundisha ni kwamba kinachosemwa mbele ya mkalimani hakitoki naye. Jepkoech hataniambia, nami sitamuuliza. Bibi akisema mwanawe asijue, hatajua kwetu.

Jepleting


Dundori
22 Februari

Mama yangu,

Nimetoka huko jana.

Bibi aliponiona alisimama. Jepkoech akamsalimia, akaketi katikati yetu chini kidogo, kama mlivyowafundisha, na mambo yakaanza kwenda huku na huku, Kikalenjin kinaingia na Kikuyu kinatoka, mpaka nikasahau kwamba yuko. Cheptanui alikuwa ameniuliza hivi: kama hata mimi niliwahi kuwa na kitu kama hicho na kikaenda chenyewe. Na mimi nikaitikia ndiyo! Kwa hivyo amekaa siku zote hizo akingoja kiende. Alikuwa amefurahi kwa sababu yangu.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia sikuwa nimeelewa. Nililia. Bibi akasema jambo, na Jepkoech akanipa: "Anasema moyoni alijua, ila alitaka kuamini. Anasema lakini wewe ndiye wa kwanza kuketi."

Mwishowe amekubali hospitali, Jepkoech akiwa ndani ya chumba cha daktari na si mwanamume yeyote wa kwao. Tukamwita Natalie. Huyo Natalie ni mtu wa Nairobi, kucha ndefu, nilikuwa nimemwogopa. Bibi akamwambia kupitia Jepkoech kwamba chai yake ina maziwa mengi na anaipenda, na kwamba anaumwa. Natalie akashika mlango. "Kumbe ananipendanga? Mimi nimekuwa nikidhani hanitaki kwa hii nyumba." Wanaenda Jumatatu. Na Cheptanui ametuapisha sisi watatu: mwanawe ataambiwa na yeye mwenyewe, siku atakayotaka.

Sasa nikuambie kilicho moyoni. Una kitu mkononi ambacho kitamnyamazisha huyo mtu mbele ya kamati yake yote. Anataka kufunga kozi na mamake amefungwa mdomo ndani ya nyumba yake! Mimi ningesema. Nilimwambia hivyo Jepkoech njiani, na msichana akanitazama kwa jicho ambalo sijatazamwa nalo tangu niwe mtoto. Basi sijasema kitu. Lakini tumbo langu si siri ya mtu, hilo nakupa. Litumie upendavyo, nyongo na mawe yake.

Kondoo bado yuko. Bibi anamfunga kamba anamtembeza kando ya barabara ya Milimani, na majirani wanafungua mapazia.

Wachuka mkubwa


Nakuru
Jumamosi, 1 Machi

Mama,

Tumeshindwa.

Nilisimama. Ulimi ulikauka kama nilivyosema, nikanywa maji, nikaanza. Niliwaambia kaunti hii ina watu wa kila kabila, wanaumwa, wanashtakiwa, wanasaini vitu, na katikati yao hakuna mtu aliyefundishwa kuwasikilizisha. Niliwaambia kuzaliwa na lugha hakumfanyi mtu mkalimani, kama kuwa na meno kusivyomfanya daktari wa meno. Nikawaambia kama wanafunzi wamepungua, si kwamba hawataki, ni chuo kilichoacha kuwatangazia kozi. Wasike alikuwa anaangalia simu.

Halafu Daktari Kipketer akavua miwani. "Mwalimu, haya yote ni nadharia. Nipe mfano mmoja. Mtu mmoja, mwenye jina, ambaye kozi hii imemsaidia. Mmoja tu."

Jina lilikuwa hapa mdomoni. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu asiyejua kwamba Jumatatu hiyo mamake alitolewa kipande cha nyama kupimwa, na kwamba majibu yanangojwa. Najua hivyo tu, kwa sababu Natalie alinipigia kuomba ruhusa ya Jepkoech asiingie darasani. Nilifikiria wanafunzi wangu. Nilifikiria Aprili. Nilifikiria kwamba nikilisema, nitaiokoa idara inayofundisha kutolisema.

Nikawapa tumbo lako. Nilianza vizuri, lakini nilikuwa nimechelewa kujibu, sauti ikayumba, na nilipofika kwenye kamba ya ng'ombe mtu mmoja akacheka. Daktari akasema, "Kwa hivyo tuendeshe idara kwa sababu ya tumbo la bibi mmoja?" Wakapiga kura. Wanane kufunga, watatu iendelee. Sasa pendekezo linangoja sahihi ya Daktari tu, halafu linaenda juu.

Jebet ameanza Naivasha. Amepanga chumba Karagita, anasema usiku anasikia lugha tano kupitia ukuta mmoja. Mimi nimeanza kutoa vitabu vyangu kwenye rafu.

Sijutii, Mama, lakini inauma, inauma sana.

Jepleting


Milimani, Nakuru
13 Machi 2025

Kwa Mama Wachuka wa Dundori,

Salamu kwa heshima. Mimi ni Kipketer, mwana wa Cheptanui. Hatujaonana, ingawa ulishafika kwangu ukanikosa, na nasikia ulifika tena nikiwa kazini.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji Jumatatu. Uvimbe umetolewa, na madaktari wanasema umewahiwa. Bado kuna matibabu ya miezi kadhaa. Aliniambia mwenyewe, usiku wa kuamkia upasuaji, akiwa amegeukia ukuta. Kabla ya hapo sikujua lolote zaidi ya kwamba ana miadi hospitalini. Nilifika pale nikamkuta msichana wa chuo chetu kwenye korido, nikamtaka anieleze kinachoendelea. Alikataa. Nilipandisha sauti, nakiri. Nilimwambia mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya masomo. Akasema, "Najua, sir. Muulize yeye mwenyewe, anaongea." Nikagundua kwamba tangu nimlete kutoka Kuresoi, mimi mwanawe, mwenye lugha yake, sijawahi kumuuliza swali lingine isipokuwa "Umekula?"

Mama amenieleza pia nani walijua na tangu lini. Kwa hivyo najua kwamba siku ya kamati, nilipomwomba Mwalimu Jepleting mfano mmoja, alikuwa nao, na alikuwa nao wa kunivunja mbele ya watu. Mimi ningekuwa yeye ningeutumia. Nilifikiri amesita kwa sababu hana la kusema. Nimemwandikia mwenyewe kuhusu hilo. Haya nakuandikia wewe kwa sababu mlango uliufungua wewe.

Pendekezo la kufunga lilikuwa mezani kwangu. Sijatia sahihi. Nimelirudisha kwa kamati, nikieleza kwamba mwenyekiti hakuelewa jambo alilolipigia kura, na sikutaja ugonjwa wa mtu. Wataketi tena mwezi wa Mei. Siwezi kuahidi watakavyoamua, maana wanane ni wengi na Bwana Wasike hajabadilika. Hadi hapo idara iko wazi, na mkataba wa Mwalimu utafika mpaka siku hiyo. Safari hii nitaketi upande wake.

Sheria za chuo zinanitaka nirudishe zawadi. Waru, kabichi na mayai vililiwa kabla sijavirudisha. Nimevilipia kwenye sadaka ya kanisa lenu. Kuhusu kondoo, mama amekataa kabisa, na nimeandikia ofisi kwamba ni mali yake, si yangu. Kiondo nakirudisha kwa mkono wa Kibii. Mama amesema hakitatoka kwake kitupu.

Wako mtiifu,
Dkt. Kipketer


Dundori
15 Machi

Mama yangu,

Kiondo kimefika. Ndani kulikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kimefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu alichokuwa amevaa siku ya kwanza. Mursik ameitengeneza mwenyewe kabla ya kulazwa, Kibii ameniambia, akamfundisha Natalie kusugua mkaa ndani ya kibuyu, kwa vidole tu. Nimekunywa. Ina harufu ya moshi na ni chachu, na nimemaliza.

Nasikia umerudisha vitabu kwenye rafu. Usivirudishe vyote, acha nafasi kidogo ya kuogopa mpaka Mei, mimi pia naogopa. Lakini safari hii nimekaa nyumbani. Unaona? Najifunza.

Jumamosi ijayo nitaenda kumwona hospitalini. Jepkoech ana mtihani na nimemwambia asije. Nataka niingie peke yangu nimwambie jambo moja kwa mdomo wangu: kwamba siku ile niliitikia na sikuwa nimeelewa, lakini sasa nimekuja kuketi. Tangu uingie nyumba hii wewe umeongea Kikuyu na mimi mpaka na kuku wangu, na mimi nina "Chamgei" peke yake. Niandikie hilo jambo kwa Kikalenjin, polepole, kwa herufi kubwa, vile linavyotamkwa.

Kibii yuko hapa mlangoni na makopo. Amesema yeye anaweza kuniambia sasa hivi, Kikalenjin ni lugha ya kwao, ni rahisi. Nimemwambia anyamaze, hili nataka nifundishwe na mama yangu.

Wachuka